Reli ya milima ya Alps bustanini: Macho hudanganyika, maji hayadanganyiki

MTU mzima kupiga magoti bustanini akipanga reli za garimoshi la kuchezea ni kioja machoni pa wengi. Hata hivyo, nchini Ujerumani, Uswisi na Austria wapo watu wazima, aghalabu wastaafu, wanaotumia miaka kadhaa na fedha si haba kujenga reli ndogo nyuma ya nyumba zao, zenye vilele vya mawe, mahandaki, madaraja ya matao na misonobari isiyofika kimo cha goti.

Reli hizi si pambo la mezani linalofunikwa kitambaa ifikapo jioni. Hukaa nje mwaka mzima. Hunyeshewa mvua, huchomwa na jua la kiangazi na kufukiwa na theluji wakati wa baridi. Ndiposa ujenzi wake hukaribia zaidi kazi ya mwashi na mhandisi kuliko mchezo wa mtoto.

Anayeanza huwaza juu ya garimoshi atakalonunua. Aliyekwisha kujenga huwaza juu ya ukuta. Garimoshi likiharibika hupelekwa kwa fundi, ilhali ukuta ukipasuka baada ya msimu mmoja wa baridi, kila kitu kilichopangwa juu yake, kuanzia reli hadi miti, hulazimika kung'olewa na kazi kuanzwa upya.

Upana mmoja, vipimo viwili

Magarimoshi mengi ya bustani hutembea juu ya reli zilizoachana kwa milimita 45. Upana huo ulikuwapo tangu zamani katika magarimoshi ya kuchezea yaliyoiga reli za kawaida za Ulaya kwa kipimo cha 1 kwa 32. Reli ya kawaida ina upana wa milimita 1,435, na ikigawanywa kwa 32 hupatikana karibu milimita 45.

Mnamo 1968, kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1881, iliuchukua upana uo huo lakini ikageuza hesabu. Badala ya reli pana za tambarare, iliamua kuiga reli nyembamba za milimani zenye upana wa mita moja, kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Mita moja ikigawanywa kwa 22.5 huleta milimita 44.4. Garimoshi likawa kubwa, zito na rahisi kushikwa, huku njia yake ikibaki ile ile. Magarimoshi hayo yaliuzwa kwa jina la LGB.

Injini yao ya kwanza iliiga garimoshi dogo la mvuke la Stainz, nchini Austria. Hilo, kusema kweli, ni la reli ya milimita 760. Kwa hivyo, tangu siku ya kwanza hesabu ilikuwa imekwisha kupindwa kidogo.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuvutiwa na hesabu hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mnamo 1896 na kufika Kisumu mnamo 1901 ni ya upana wa mita moja, sawa na reli za kampuni ya Rhätische Bahn zinazopanda milima ya mashariki mwa Uswisi. Reli ya SGR iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 ni ya milimita 1,435. Njia moja ya bustani yenye upana wa milimita 45 ingeweza kuziiga zote mbili, almuradi mjenzi abadilishe kipimo. Injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi, ina urefu wa takriban mita 32. Kwa kipimo cha 1 kwa 22.5 ingekuwa na mita 1.4 hivi, na bustani nyingi za Ulaya hazingekuwa na kona ya kuitosha.

Mlima usioingia bustanini

Reli za Rhätische Bahn ni miongoni mwa zile zinazoigwa sana na wajenzi wa bustani. Njia zake mbili, ya Albula iliyoanza kutumika mwaka wa 1903 na ya Bernina iliyokamilika mwaka wa 1910, ziliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Mabehewa mekundu, mawe ya kijivu na miti ya kijani iliyokoza ni mandhari ambayo hata mtu asiyejua lolote kuhusu reli huyatambua.

Taabu huanza pale mjenzi anapochukua kalamu na karatasi.

Daraja la Landwasser, karibu na Filisur, lina kimo cha mita 65 na urefu wa mita 136. Lina matao sita, na garimoshi likiisha kulivuka huingia moja kwa moja katika handaki lililotobolewa kwenye jabali. Kwa kipimo cha 1 kwa 22.5, daraja hilo lingekuwa na kimo cha karibu mita 2.9 na urefu wa mita 6. Hilo ni daraja linaloupita mlango wa nyumba kwa kimo.

Njia ya Bernina nayo hupanda kutoka mji wa Tirano, Italia, ulio mita 429 juu ya usawa wa bahari, hadi kituo cha Ospizio Bernina kilicho mita 2,253, bila kutumia reli ya meno. Tofauti hiyo ya mita 1,824 ingehitaji mita 81 bustanini. Kilele cha Piz Bernina, chenye mita 4,049, kingefikia mita 180, sawa na jengo refu la mjini.

Kona pia hazikubali. Kona kali zaidi za njia ya Bernina zina nusukipenyo cha mita 45, yaani huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi kwenye reli. Kwa kipimo hicho, kona ya bustani ingepaswa kuwa na nusukipenyo cha mita 2. Ilhali reli za kona zinazouzwa pamoja na magarimoshi ya kuanzia zina sentimita 60 tu. Katika reli halisi hiyo ingekuwa kona ya mita 13.5, na hakuna behewa refu la abiria ambalo lingeipita salama.

Kwa sababu hiyo, mjenzi hana budi kudanganya macho. Daraja la matao sita hufanywa la matao manne, na kimo chake hukatwa hadi theluthi moja. Handaki refu hufupishwa. Vituo vitatu huwa kimoja. Anachopaswa kulinda ni kile kinachomfanya mtazamaji aseme pale pale kwamba hili ni daraja la Landwasser: lile pindo la daraja, nguzo nyembamba, na jabali linaloinuka wima mbele ya garimoshi. Mjenzi akiyahifadhi haya matatu, mtazamaji hahesabu matao. Akihifadhi matao sita lakini akaliweka daraja katika uwanja tambarare usio na jabali, hapo huwa amejenga daraja tu.

Ukuta na uzito wa udongo

Zipo sababu kadhaa za kuinua reli juu ya ardhi badala ya kuitandaza kwenye nyasi. Ya kwanza ni magoti. Mtu wa miaka 70 anayelazimika kuinama kila mara garimoshi linapoanguka au jani linapokwama njiani hataendelea kwa muda mrefu. Kitalu kilichoinuliwa hadi sentimita 75 humwezesha kufanya kazi akiwa amesimama au ameketi kitini. Ya pili ni macho. Garimoshi linalotazamwa kutoka juu huonekana kuwa kidude cha kuchezea, lakini likitazamwa kutoka ubavuni, likitokea nyuma ya mwamba, hupata uzito wake.

Ya tatu ni ya mandhari yenyewe. Bonde la Alps halichimbwi kwenda chini katika bustani ambayo maji hayana pa kutokea. Huwa rahisi zaidi kuinua pande zote na kuacha bonde katikati.

Gharama ya kuinua ni uzito. Chukulia kitalu chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 3 na kimo cha sentimita 75. Ndani yake huingia mita 18 za ujazo za udongo na mawe. Udongo uliolowa huweza kuwa na uzito unaokaribia tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, kumaanisha kwamba ukuta umezingira zaidi ya tani 30. Udongo huo haukai tu. Husukuma nje, na msukumo huzidi kadiri unavyoshuka chini. Ndiyo maana ukuta dhaifu hutokeza tumbo sehemu ya chini kabla ya kuanguka.

Ukuta wa matofali au zege huhitaji msingi. Katika sehemu nyingi za Ujerumani, msingi huchimbwa hadi takriban sentimita 80, kwa sababu huko ndiko baridi haifiki. Maji yanapoganda hupanuka kwa karibu asilimia 9. Udongo uliojaa maji chini ya msingi mfupi huinuka wakati wa baridi na kushuka barafu inapoyeyuka, lakini haurudi mahali pale pale. Ukuta hupanda milimita chache upande mmoja, hushuka upande mwingine, na baada ya misimu michache nyufa huwa zimeingia.

Hata hivyo, msingi pekee hautoshi. Adui mkubwa ni maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta. Wajenzi waliobobea huweka tabaka la kokoto nene kati ya ukuta na udongo, kisha bomba lenye matundu chini kabisa ili lipeleke maji nje ya kitalu. Kati ya kokoto na udongo hutandazwa kitambaa maalumu kinachopitisha maji lakini huzuia matope yasizibe mianya. Matundu huachwa ukutani karibu na ardhi. Yote haya hufunikwa na hayaonekani tena. Labda ndiyo sababu mtu mwenye haraka huyaruka, na ndiyo kasoro isiyoweza kurekebishwa baadaye bila kubomoa.

Panapopatikana mawe, ukuta mkavu uliopangwa bila saruji una faida ya pekee. Maji hupenya kati ya mawe yenyewe. Huhitaji kuegemezwa ndani kidogo, takriban sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za kimo, na mawe marefu yaingizwe ndani ya udongo ili yaushike. Ukuta wa namna hii husogea kidogo bila kupasuka, na zaidi ya hayo hufanana na kuta za mawe zinazozuia mashamba ya miteremkoni katika Alps.

Wapo wanaokwepa udongo kabisa. Husimamisha nguzo, wakaweka jukwaa la mbao au chuma juu yake, na kutandaza udongo wa sentimita 15 tu katika trei. Njia hii ni nyepesi na ya haraka, na humfaa mtu aliyepanga nyumba. Lakini udongo mchache hukauka upesi wakati wa jua, miti hufa, na mbao zinazogusa udongo wenye unyevu huoza hata zikiwa zimetiwa dawa.

Njia moja ya ujenzi huondoa mashaka mengi: reli haiachwi itegemee udongo uliojazwa. Udongo mpya hudidimia, na huchukua angalau msimu mzima wa baridi kabla ya kutulia. Kwa hivyo mabomba au nguzo hukitwa katika ardhi ya asili chini ya kitalu, hupita katika udongo uliojazwa hadi juu, na juu yake hufungwa vipande virefu vya plastiki ngumu vinavyopindika kufuata kona. Reli hulazwa juu ya vipande hivyo. Udongo ukishuka sentimita 5, reli hubaki pale pale, na mjenzi huongeza udongo tu.

Hesabu ya mwinuko

Bustanini, jambo lisilodanganyika baada ya maji ni mwinuko.

Katika njia ya Bernina, garimoshi hupanda hadi sentimita 7 kwa kila mita moja. Injini zake zina mota nyingi na mwendo hudhibitiwa kwa uangalifu. Injini ndogo ya bustani ikipewa mwinuko huo, magurudumu huteleza, hasa reli ikiwa na umande au utomvu wa miti. Kwa kawaida mwinuko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita ndio unaoshauriwa, na katika kona uwe mdogo zaidi kwa sababu kona yenyewe huvuta garimoshi nyuma. Behewa la mwisho likiwa zito na kona ikiwa kali, mabehewa ya katikati huvutwa ndani na kuanguka.

Ili reli moja ipite juu ya nyingine, huhitajika nafasi ya takriban sentimita 25, ukihesabu kimo cha garimoshi na unene wa daraja. Kwa mwinuko wa sentimita 3 kwa mita, kupanda sentimita 25 huhitaji zaidi ya mita 8 za reli, na kushuka huhitaji nyingine kama hizo. Katika kitalu cha mita 8 kwa 3, mzunguko mmoja wenye kona za nusukipenyo cha mita 1.2 una mita 17 na ushei. Mzunguko wote huishia katika kupanda na kushuka, na pasipobaki pahali tambarare pa kituo, mabehewa yaliyoegeshwa hujiendea yenyewe.

Wahandisi wa Uswisi walikabiliwa na tatizo lilo hilo. Kati ya Bergün na Preda, bonde hupanda zaidi ya mita 400 ndani ya umbali mfupi, nao wakaifanya njia ijizungushe ndani ya mlima na kujipita juu yenyewe hadi urefu wake ukafikia takriban kilomita 12. Pale Brusio, daraja la mwaka wa 1908 huzunguka duara kamili mahali pa wazi, likiwa na nusukipenyo cha mita 70, na garimoshi hupita chini ya tao lilelile lililokuwa juu yake punde tu. Hata reli ya zamani ya Kenya ilijizungusha hivyo karibu na Mazeras ilipoanza kupanda kutoka pwani.

Duara la Brusio ndilo humwokoa mjenzi wa bustani. Kwa kipimo kamili lingehitaji kipenyo cha zaidi ya mita 6. Likipunguzwa hadi nusukipenyo cha mita 1.2, mzunguko wake huwa mita 7.5, na kupanda sentimita 25 katika mzunguko huo ni mwinuko wa sentimita 3.3 kwa mita. Huo ni mkali kiasi kwa kona, lakini injini yenye magurudumu yote yanayoendeshwa na mabehewa matatu huumudu. Na duara zima hutoshea katika upana wa mita 3.

Jambo moja husahauliwa: mwinuko hauanzi ghafla. Reli ikivunjika pembe kutoka tambarare hadi mlima, pua ya injini hugusa chini au ndoano za mabehewa huachana. Mita moja ya kwanza hupandishwa polepole, kipimamaji kikiwa mkononi. Anayetumia injini ya mvuke halisi, inayowaka gesi na kuchemsha maji, huhitaji tahadhari zaidi kwani nyingi kati ya hizo hazina cha kuzizuia zinaposhuka. Huyo huambiwa ajenge njia tambarare na kuiachia mandhari kazi ya kuonyesha mlima.

Reli inayorefuka

Reli za bustani hutengenezwa hasa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, kwa sababu haili kutu na hupitisha umeme vizuri. Hata hivyo, shaba hiyo hurefuka ikipata joto. Katika njia ya mita 17, tofauti ya nyuzi 60 kati ya usiku wa theluji na adhuhuri ya kiangazi hurefusha reli kwa takriban sentimita 2. Aliyeigongomea reli misumari kila mahali huikuta imepinda kama nyoka mwezi wa Julai.

Kwa sababu hiyo reli hulazwa ielee. Mataruma hushikiliwa na kokoto ndogo zenye makali, za milimita 2 hadi 5, ambazo hushikana zenyewe. Kokoto za mviringo za mtoni hazifai. Huteleza kama shanga, na mvua kubwa huzisomba.

Umeme unaopita relini hauzidi volti 24 na haumdhuru anayeigusa. Transfoma hukaa ndani ya nyumba au kibandani, palipo pakavu, na nyuma yake huwekwa kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja. Viungio vya reli hupoteza umeme vinaposhika uchafu, hivyo waya nene huzikwa na kuunganishwa na reli kila baada ya mita chache. Baadhi ya wajenzi wamechoka kusugua reli kila asubuhi. Hao huweka betri ndani ya behewa na kuliendesha garimoshi kwa rimoti, na reli hubaki na kazi ya kubeba tu.

Kuhusu vipuri, historia imekuwa na misukosuko. Kampuni ya Lehmann ilifilisika mwaka wa 2006 na jina la LGB likanunuliwa na Märklin mwaka wa 2007. Märklin yenyewe ilifilisika mwaka wa 2009, kisha ikaingia mikononi mwa wamiliki wa kundi la Simba-Dickie mwaka wa 2013. Kwa mtu aliyekwisha kumimina zege kwa ajili ya reli za aina moja, habari kama hizo si za kupuuzwa. Upana wa milimita 45 ulisalimika, na watengenezaji wengine pia huutumia.

Mawe kwanza, miti baadaye

Mlima wa bustani hauna budi kujengwa kwa mawe ya aina moja. Mtu akichanganya granite ya kijivu na mawe ya chokaa meupe kwa kuwa yote yalipatikana bure, mlima hugeuka rundo la vifusi. Mawe mengi yana tabaka, na tabaka hizo hupangwa zielekee upande mmoja, kama zinavyoonekana katika jabali halisi. Thuluthi moja ya kila jiwe huzikwa ili lionekane linatoka ardhini. Pale ambapo uzito haufai, mfano juu ya handaki, wavu wa waya huvikwa saruji na kuchongwa kabla haijakauka, lakini saruji hiyo huhitaji miaka kadhaa ya mvua ili ifanane na mawe yaliyo kando yake.

Tatizo la kipimo hurudi tena kwenye miti. Msonobari wa Alps wenye mita 30 ungekuwa na mita 1.3 bustanini, mrefu kuliko mlima wenyewe. Hapa asili huleta msaada. Katika Alps, msitu hukoma kadiri mtu anavyopanda, kisha huja vichaka vifupi na nyasi, na juu kabisa ni mwamba mtupu. Yeyote aliyewahi kuutazama Mlima Kenya kutoka Naro Moru anaujua mpangilio huo. Mjenzi akipanda miti ya sentimita 30 chini, mimea inayotambaa katikati, na kuacha kilele kikiwa wazi, jicho huhesabu lenyewe kimo kikubwa, kwani hakuna kitu huko juu cha kulinganisha. Nyumba za mbele hutengenezwa kwa kipimo kamili, ambapo mtu ana sentimita 7.6, na za nyuma huwa ndogo kwa nusu.

Mimea inayotumika sana ni Pinus mugo, msonobari mfupi wa asili ya milima hiyo, na Picea glauca ya aina ya Conica, ambayo hukua polepole lakini hukua. Isipokatwa ncha kila mwaka, baada ya miongo michache humpita mwenye bustani. Thymus serpyllum hutambaa na kuwa malisho ya ng'ombe wadogo wa plastiki, na Sempervivum hukaa katika nyufa za mawe. Udongo wake uwe na mchanga na changarawe nyingi na rutuba kidogo ili mimea idumae. Mimea ya milimani haiuawi sana na baridi. Huuawa na mizizi kukaa katika maji wakati wa baridi, na hivyo lile bomba lenye matundu lililozikwa chini ya ukuta huwa limeilinda mimea vilevile.

Maporomoko ya maji huwavutia wengi, na huwakatisha tamaa vilevile. Jiwe huweza kuonekana jabali, lakini tone la maji halipungui. Maji mengi yanayomwagika kwa kishindo hufichua mara moja kwamba mlima una kimo cha mita moja. Utando mwembamba wa maji unaoteremka juu ya jiwe jeusi ndio unaofaa.

Ndani ya handaki

Handaki hupendeza garimoshi linapotoweka na kutokea upande wa pili. Lisipotokea, lazima mtu alifikie. Kanuni ya wajenzi ni kwamba hakuna sehemu ya handaki inayopaswa kuwa mbali kuliko urefu wa mkono, ama sivyo sehemu ya paa ifunguke. Swichi na viungio vya reli haviwekwi humo. Panya hujenga viota, konokono huacha ute unaofanya magurudumu yateleze, na paka wa jirani hupenda kulala humo mchana. Garimoshi la kwanza la siku, basi, hupitishwa polepole.

Ifikapo Novemba, wengi huingiza injini ndani na kuziacha reli zilale chini ya theluji. Wachache hufunga bamba la chuma mbele ya injini nzito na kulima theluji kabla haijagandamana, jambo linalowezekana tu reli ikiwa bado imekaa sawa. Majira ya kuchipua yanapowadia, kazi ya kwanza huwa kuzunguka kitalu na kipimamaji, kiungio kwa kiungio, na kuchungulia matundu ya ukutani kuona kama maji ya theluji inayoyeyuka yanatoka.